Kijiti cheupe kati ya reli mbili

Jamani, mmewahi kuona zile reli ndogo za mezani ambazo wenzetu wa Ulaya na Marekani hutengeneza kwa burudani? Milima ya plasta, miti ya sifongo, vituo vyenye taa, hata abiria wadogo kama punje ya mchele wamesimama na mabegi yao. Zinapendeza sana. Lakini mimi nikiziangalia natafuta kitu kimoja tu, kijiti cheupe kinachokaa katikati ya njia mbili za reli, karibu na pale zinapoungana. Kama hakipo, kwangu mimi hayo ni mapambo ya sebuleni, bado hayajawa reli.

Najua kuna mtu ameshaguna: Arusha tuna shida ngapi, wewe unatuletea vijiti? Subiri kidogo.

Kituoni reli hugawanyika ili treni zipishane. Njia moja inakuwa mbili, halafu mbele zinarudi kuwa moja. Sasa fikiria mabehewa yameegeshwa kwenye njia ya pembeni. Mpaka wapi ni salama? Ukiangalia vyuma tu utadhani behewa la mwisho linaweza kusogea mpaka karibu kabisa na maungio, maana magurudumu yake bado yako kwenye njia yake. Kumbe kona ya behewa imeshaingia kwenye njia ya jirani, na treni itakayopita huko itaikwangua au kuangushwa nayo. Kile kijiti kinasema: mwisho hapa, behewa lote libaki nyuma yangu. Ujerumani ni kinguzo kifupi cha rangi nyekundu na nyeupe. Kwingine ni kipande cha zege au taruma kuukuu lililopakwa rangi nyeupe. Hakina taa wala waya. Ni kitu cha bei rahisi kuliko vyote vilivyoko kituoni.

Na kukitengeneza kwenye reli ya mezani ni kazi ya jioni moja. Njiti ya kiberiti au kipande cha kijiti cha mshikaki, rangi nyeupe ya mafuta, tone la gundi. Kazi yenyewe iko kwenye kupima. Wengi huweka kwa jicho, na jicho hudanganya. Chukua behewa moja uliweke kwenye njia ya kwanza, jingine kwenye ya pili, yasogeze polepole kuelekea kwenye maungio mpaka kona zao ziguse. Rudisha nyuma mpaka kidole kipite katikati bila kubanwa. Hapo ndipo pa kuweka kijiti. Huhitaji fomula yoyote.

Ila kuna sharti, na watu wengi hapa ndipo wanapokosea. Usipime kwa behewa la kawaida. Pima kwa lile refu na baya kuliko yote uliyonayo. Sote tumeona lori la trela likikata kona mjini, tela inavyokula upande wa ndani mpaka utingo anaruka chini kupiga kelele. Behewa nalo liko hivyo kwenye kona ya reli: tumbo linaegemea ndani, pembe zinatokeza nje. Kadiri lilivyo refu ndivyo linavyokula nafasi. Shirika la reli la Afrika Mashariki lilikuwa na vichwa 34 vya mvuke vya daraja la 59, vilivyotengenezwa na Beyer Peacock wa Manchester miaka ya 1955 na 1956. Kila kimoja kilikuwa na urefu wa karibu mita 32 na uzito wa tani 250 hivi. Vilipewa majina ya milima. Namba 5903 kiliitwa Mount Meru! Mlima wetu ulikuwa unavuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi. Ndugu yake, 5918 Mount Gelai (Gelai nayo ni ya mkoa wetu, kule karibu na Ziwa Natron), amehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho ya reli Nairobi. Ukitaka kutengeneza reli ya mezani ya zama hizo, pima na kwa Mount Meru pia.

Haya, turudi nyumbani.

Reli yetu ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, enzi za Wajerumani, ikafika Moshi mwaka 1911. Waingereza ndio waliyoifikisha Arusha, mwishoni mwa miaka ya 1920. Baadaye treni ya abiria ikatoweka mjini kwetu, ikakaa karibu miaka 30 haijaonekana, mpaka iliporudi Oktoba 2020. Piga hesabu mwenyewe. Machalii wengi wa Arusha walizaliwa, wakasoma, wakaoa, hawajawahi kuona treni ya abiria ikiingia mjini. Reli ikilala muda wote huo inageuka kichochoro. Watu wanapita, wanaanika nguo, wanapanga nyanya, mbuzi wanalala kwenye kokoto. Silaumu mtu. Chuma kisichotembelewa ni chuma tu.

Lakini mtu aliyekulia pembeni ya reli iliyolala amejifunza kipimo kibaya. Anajua reli ni vile vyuma viwili. Akishasogea hatua moja nje ya chuma anajiona amepisha. Treni ni pana kuliko reli yake, tena pana sana! Reli yetu ina mita moja tu kati ya chuma na chuma. Tuseme behewa lina upana wa mita 2.8: linatokeza karibu sentimita 90 kila upande, na hiyo hatua moja ya kwako haitoshi, ukijumlisha mwili wako, kapu lako na mtoto uliyemshika mkono. Na kwenye kona, nimeshasema, linatokeza zaidi.

Kuna watakaosema bikoni zipo. Bikoni ni habari nyingine. Hifadhi ya reli mjini ni mita 15 kila upande, vijijini mita 30, na ukitaja namba hizo mtaani watu wanasikia ardhi: nani abomolewe, nani alipwe. Ni mjadala muhimu na una uchungu wake, siudharau. Ila bikoni inakueleza eneo ni la nani. Haikuelezi bati la behewa litapita wapi, na huwezi kumwelewesha mtoto wa darasa la tatu hatari kwa kutumia mpaka wa kiwanja.

Kwa mtoto huyo mimi ningetumia meza. Sizungumzii treni za dukani za bei ya pikipiki. Nazungumzia ubao, vipande vya waya kwa reli, na mabehewa ya maboksi. Watoto wetu wanaotengeneza magari ya waya na makopo hawatashindwa. Tumia kipimo ambacho sentimita moja ni sentimita 87 za kweli, ambacho wapenzi wa reli ndogo wanakifahamu dunia nzima. Angalizo kwa mwenye ndugu huko Ulaya wa kumtumia reli zilizotengenezwa tayari: zile za kawaida za kipimo hicho zina upana wa milimita 16.5, ambao ni sawa na reli ya SGR inayotoka Dar kwenda Dodoma. Ya Arusha inataka milimita 12.

Sasa weka behewa la boksi lenye upana wa sentimita 3.2 juu ya reli ya milimita 12. Linatokeza sentimita moja kila upande, karibu sawa na upana wa reli yenyewe! Hakuna bango litakalomfundisha mtoto hivyo. Mpe njiti aipake rangi, mwambie aisimamishe pembeni ya reli mahali anapodhani ni salama, halafu asukume behewa. Itaangushwa. Asogeze, ajaribu tena, kwenye sehemu iliyonyooka kisha kwenye kona. Akimaliza na njiti zake zote zimesimama, mweleze kwamba njiti ni yeye.

Walimu wa shule zilizo jirani na reli, ubao mmoja wa plaiwudi uliobaki kwa fundi seremala unatosha darasa zima. Msiwape watoto wapake majani na kuchora vituo kwanza. Waanze na vijiti, na watengeneze behewa moja refu la kupimia kabla ya mengine yote. Wakiuliza liitweje, jina tunalo: Mount Meru, 5903.