Bunia: Mbwa akila sumu usiku, ni nani atafungua mlango?

Katika kata nyingi za mji wa Bunia, toka Mudzi Pela mpaka Bankoko, toka Lumumba mpaka Simbilyabo, usiku mbwa ndiye anayesikia mtu wa kwanza. Ukuta mrefu wa matofali ni wa wenye pesa. Wengine wana uzio wa miti ama mabati ya zamani, na mbwa. Wezi wanalijua hilo vizuri, ndiyo maana wengine wanatupa kwanza kipande cha nyama chenye sumu, halafu wanangoja. Asubuhi majirani wanapita, wanaangalia povu kwenye mdomo wa mbwa, wanasema "wamemtilia," na habari inaishia hapo.

Lakini kati ya ile nyama na ile asubuhi kuna saa kadhaa, na katika saa hizo kuna mtu aliyekuwa anakimbia huku na huku kumtafuta dokta wa wanyama. Kila mwenye mbwa katika mji huu anaijua safari hiyo. Simu ya kwanza imezimwa. Ya pili inaitika, na mtu kwa sauti ya usingizi anajibu: "Mama, umlete kesho saa mbili." Ya tatu ni ya mtu aliyehamia Aru tangu mwaka jana. Basi anaitwa mwuguzi wa watu anayekaa barabara ya pili, anayekuja kwa moyo mzuri na sindano aliyo nayo, bila kujua uzito wa mbwa wala dawa gani mwili wa mbwa unaikataa. Nyumbani mtu mwingine ameshaleta chupa ya mafuta ya mawese.

Haya mafuta ya mawese yazungumziwe kidogo, kwa sababu yanaua mbwa wengi ambao sumu peke yake labda isingewaua. Mbwa anayetetemeka na asiyeweza kumeza vizuri akimiminiwa mafuta kwa nguvu, mafuta yanaingia kwenye mapafu. Tena dawa nyingi za kuua wadudu wa shambani, zile zinazouzwa kwa vichupa vidogo sokoni, zinayeyuka katika mafuta, kwa hiyo mafuta yanaweza kusaidia sumu kuingia mwilini haraka zaidi. Maziwa nayo hayaiondoi sumu.

Kinachosaidia kinajulikana. Mbwa aliyekula dawa ya wadudu ya aina hiyo anatoa mate mengi, anaharisha, misuli inarukaruka, mboni za macho zinakuwa ndogo kama kichwa cha sindano. Dawa yake ni atropini, ile ile ambayo hospitali za watu wanaitumia kwa mkulima aliyevuta dawa ya kunyunyizia. Inatolewa kwa kipimo, tena na tena, mpaka pumzi irudi vizuri, na mtu lazima akae karibu kuangalia. Sumu ya panya inayozuia damu kuganda ina njia nyingine kabisa. Mbwa anaweza kuonekana mzima siku mbili ama tatu, halafu anaanza kutokwa damu, na dawa yake ni vitamini K. Mtu akichanganya hizo mbili anapoteza mnyama pamoja na pesa. Kwa hiyo pakiti ama kichupa kikionekana uwanjani kibebwe pamoja na mbwa. Kibebwe wapi, hilo ndilo swali la makala hii.

Maana madokta wa wanyama wapo. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, pale Butembo, kina kitivo cha udaktari wa wanyama. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina cha tangu zamani. Mjini Bunia kuna maduka ya dawa za mifugo, kuna watu wa serikali wanaopima nyama ya ng'ombe kabla haijaingia sokoni, kuna wanaozunguka na chanjo za kuku na mbuzi. Lakini kazi yote hiyo ni ya mchana, na imejengwa juu ya ng'ombe, jambo linaloeleweka katika jimbo la wafugaji. Usiku hakuna anayelipwa ili akae macho. Hakuna anayempa dokta mafuta ya pikipiki, na kumwambia mtu avuke mji saa sita za usiku na mkoba wa dawa mgongoni, katika jimbo lililo chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, ni kumwomba kitu kikubwa. Kuwatukana madokta kwenye vikundi vya WhatsApp kila mbwa anapokufa hakumsaidii mtu.

Wakati huu wengine wanaanza kukasirika. Watu wanauawa Djugu na Irumu, wakimbizi wa vita wanalala chini ya mahema pale Kigonze, na leo tuambiwe habari za hospitali ya mbwa? Hasira hiyo ina haki yake. Katika hospitali za mji huu kuna mama anayeuza nguo zake ili alipe seromu ya mtoto. Mtu akisimama mbele yake kudai nyumba ya kifahari ya kulaza mbwa, atakuwa amekosa adabu.

Ila mtoto wa mama yuleyule ndiye anayeumwa na mbwa.

Kichaa cha mbwa, dalili zake zikishatokea kwa mtu, karibu kila mara ni kifo. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema mbwa ndio wanaowaambukiza watu hadi asilimia 99 ya wagonjwa wote wa kichaa hicho, na kati ya watu wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa, kama asilimia 40 ni watoto walio chini ya miaka 15. Kidonda kinapaswa kuoshwa kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, halafu mtu aende hospitali siku hiyohiyo kutafuta chanjo. Hayo redio zinayasema kila tarehe 28 Septemba, siku ya dunia ya kupambana na kichaa cha mbwa. Kinachosemwa kidogo ni upande wa mbwa mwenyewe.

Mbwa akiuma mtu katika kata zetu, kundi la vijana linamwua kwa mawe kabla jua halijatua, na mzoga unatupwa. Kwa macho ya watu kazi imekwisha. Kumbe mbwa yule alikuwa ndiye jibu. Mbwa aliyeuma, kama anaweza kufungwa mahali salama na dokta akamwangalia kwa siku 10, na siku 10 zikaisha bado ni mzima, basi hakuwa na virusi kwenye mate siku aliyouma, na aliyeumwa anaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Mbwa akishauawa na kutupwa, jibu limepotea naye. Familia inabaki na hofu, maana ugonjwa huu unaweza kukaa mwilini miezi miwili ama mitatu kabla ya kujionyesha, mara nyingine hata mwaka, na lazima watafute sindano zote, katika mji ambamo kuzipata si jambo la hakika. Chumba kimoja chenye vyuma na dokta wa zamu kingewaokolea watu dozi nyingi za chanjo ya binadamu. Anayepima mambo kwa mizani ya "watu kwanza" aanze hapo.

Sababu inayotolewa mara nyingi ni baridi: chanjo inataka frigo, umeme wa Bunia unajulikana. Sababu hiyo ilikuwa na nguvu zamani. Wakati wa Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020 baada ya kuua watu 2.287, chanjo iliyotaka baridi ya nyuzi 60 chini ya sifuri ilifika mpaka vijiji vya Mambasa. Zaidi ya watu 300.000 walichanjwa. Chanjo ya kichaa cha mbwa inataka nyuzi 2 mpaka 8 tu, kama chanjo nyingi za watoto. Tena watafiti waliofanya kazi Tanzania, katika sehemu za Serengeti ambako mbwa wa vijijini wamechanjwa kwa kampeni za miaka mingi, waliona kwamba aina moja ya chanjo hiyo iliendelea kufanya kazi hata baada ya kukaa miezi 6 katika joto la nyuzi 25, na miezi 3 katika nyuzi 30. Bunia, kwa hewa yake ya mlimani, inajivunia baridi kuliko miji mingi ya Kongo. Lengo la OMS ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa ili ugonjwa ukose njia. Frigo haiwezi kubaki kisingizio.

Kuna pia paka, ambaye watu wanamsahau mpaka panya wanapoingia kwenye mahindi. Katika Ituri panya si hasara ya chakula peke yake. Tauni bado iko hapa, kanda ya afya ya Rethy inaijua, na viroboto wa panya ndio wanaoibeba. Paka anayewinda panya katika sehemu hizo anaweza kuugua tauni na kumpa mwenye nyumba. Paka mwenye homa na uvimbe shingoni si wa kubebwa kifuani, ni wa kuonyeshwa kwa mtu anayejua. Na paka asipewe parasetamoli kamwe. Kidonge kimoja, kile kinachopewa mtu mwenye kichwa kuuma, kinaweza kumwua. Watu wanakitoa kwa huruma, wanamwona paka anapumua kwa shida, wanaongeza kingine.

Kwa watoto wa mbwa habari ni ile ya kuharisha damu. Mtoto wa mbwa wa miezi miwili, mitatu, anaacha kula, anatapika, halafu kunatoka damu yenye harufu ambayo aliyewahi kuisikia haisahau. Wengi wanasema ni minyoo, ama amerogwa. Mara nyingi ni parvo, virusi vinavyoweza kukaa kwenye udongo wa uwanja miezi mingi, kwa hiyo anayenunua mtoto mwingine haraka na kumweka palepale anamzika naye. Hakuna kidonge cha kuviua. Kinachookoa ni seromu kwenye mshipa, siku tatu, nne, usiku na mchana, mpaka mwili upigane wenyewe. Dokta anayekuja asubuhi kupiga sindano moja na kuondoka hawezi kuifanya kazi hiyo, hata awe hodari namna gani.

Wenye pesa wanajua njia yao. Wanasema Kampala, ambako Chuo Kikuu cha Makerere kinafundisha udaktari wa wanyama na wanyama wanatibiwa. Inafaa kwa mbwa wa kukatwa uvimbe mwezi ujao. Kwa aliyekula sumu usiku huu, ziwa Albert liko katikati, na mpaka pia.

Wenye mbwa nao waambiwe ukweli. Wengi wanampigia dokta siku ya tatu, mnyama akiwa amebakiza pumzi, na akifa wanakataa kulipa. Wengi hawajawahi kumchanja mbwa hata mara moja, wanamfunga mnyororo mfupi mchana kutwa na kumlisha mabaki, halafu wanataka awe askari usiku. Dokta kijana aliyejaribu kufungua chumba cha matibabu kwa mazoea hayo, pamoja na kodi zinazokuja kila mwezi kwa majina tofauti, atafunga na kwenda kuuza dawa za kuku. Pesa lakini zipo. Mafuta, maziwa, mayai, sindano ya mwuguzi, pikipiki tatu za usiku, halafu mbwa mwingine wa kununua: ukijumlisha, mwenye mbwa tayari anailipia huduma ya dharura, ila anaigawa kwa watu wasioweza kumponya mnyama wake.

Kwa hiyo kinachoombwa ni kidogo. Madokta wa wanyama waliopo Bunia wagawane usiku wa juma, kila mmoja wake, simu ikae wazi, bei ijulikane mbele na nusu ilipwe kabla ya kugusa mnyama. Chumba kimoja, karibu na mahali penye walinzi, ili mgonjwa aletwe kwa dokta na dokta asizunguke gizani. Ndani yake atropini, vitamini K, seromu, kalisiamu ya mbwa aliyezaa na kuanza kutetemeka, kamba ya kufunga mdomo, vyuma viwili vya kuwaweka wanaoshukiwa kichaa, ndoo na sabuni. Serikali ya jimbo isitoe jengo kama haina. Iwasamehe hao kodi mwaka wa kwanza, na iweke chanjo ya mbwa katika frigo moja na zile za watoto, kwenye rafu yake. Meya awaambie wakubwa wa kata kwamba mbwa aliyeuma mtu afungwe, asipigwe mawe.

Na ile orodha ya usiku, majina na namba, ibandikwe kwenye ofisi za mitaa yote mitatu, Mbunya, Nyakasanza na Shari, na kwenye milango ya soko kuu. Redio za mji zinaweza kuisoma bila malipo kila jioni, mara tu baada ya matangazo ya vifo, saa ambayo kila nyumba imenyamaza ikisikiliza.