Walionyesha au Walionyeshwa?

Walimu wenzetu, tumeletewa kitini cha ufahamu kinachotumika katika madarasa ya Kiswahili ya shule moja katika nchi zetu hizi. Jalada lake limepambwa kwa postikadi ya zamani ya bustani ya Tervuren, nje kidogo ya mji wa Brussels: maji yaliyotulia, miti iliyopangwa safu, na nyuma yake jumba kubwa la Makumbusho ya Kongo lililofunguliwa mwaka 1910. Chini ya picha pameandikwa hivi: "Mwaka 1897 Wakongo walikwenda katika bustani hii wakaonyesha utamaduni wao." Kisha mwanafunzi anaulizwa: Bustani hii inapendeza kwa sababu gani?

Swali hilo tunalikataa, na sentensi ile tunaikataa zaidi. Hatuna ugomvi na maua wala na postikadi. Sisi ni walimu wa lugha, na kosa hili ni kosa la lugha.

Tukumbushane yaliyotukia. Mwaka 1897 Brussels ilifanya maonyesho ya kimataifa, na sehemu ya mambo ya Kongo ikawekwa Tervuren. Wakati huo Kongo haikuwa hata koloni la Ubelgiji. Tangu 1885 hadi 1908 ilikuwa mali ya mfalme Leopold wa Pili. Watu 267, wanaume kwa wanawake na watoto, walisafirishwa kwa meli, wakawekwa katika vijiji vya mfano ndani ya bustani. Mchana walipiga makasia katika mitumbwi juu ya maji ya bustani hiyo, na watazamaji zaidi ya milioni moja wakapita kuwaangalia. Wageni waliwarushia peremende hata baadhi yao wakaugua matumbo. Ndipo likawekwa tangazo la kuwakataza watu wasiwalishe, kwa kuwa chakula chao hutolewa na kamati. Tangazo la namna hiyo sote tunajua huwekwa mbele ya tundu gani. Kiangazi kile kilikuwa cha mvua na baridi. Saba walikufa: Sambo, Ekia, Kitukwa, Mibange na wenzao watatu. Makaburi yao yako hadi leo kando ya kanisa la Tervuren.

Sasa turudi kwenye sentensi. "Walikwenda": aendaye amekusudia safari. Hawa walipelekwa. "Walionyesha": aonyeshaye ndiye mwenye kitu na mwenye hiari ya kukificha. Hawa walionyeshwa. Tofauti ni herufi moja, ile w ya kauli ya kutendwa ambayo kila mwaka tunaisahihisha kwa wino mwekundu katika madaftari ya watoto. Je, mtoto akiiacha tunamkata alama, na mtungaji wa kitini akiiacha tunamshukuru kwa picha nzuri?

Wapo watakaosema kwamba miongoni mwa wale 267 walikuwamo askari na wapiga ngoma waliojua kazi yao. Ni kweli, wala hatuwanyang'anyi ustadi wao. Lakini ustadi wa mpiga ngoma haumfanyi kuwa mwenye shughuli. Wapo pia watakaosema kwamba postikadi haina habari hizo. Ni picha ya miti na maji tu. Hapo ndipo penye shina la neno. Postikadi ilitengenezwa iuzwe, nayo huuza kile kinachopendeza. Mnunuzi aliandika salamu zake, akabandika stempu, akaituma. Aliyeipokea akauona mji mzuri, asione gharama yake. Ndivyo ilivyo pia kwa zile kadi nyingi za bustani ya Cinquantenaire, mle mle Brussels, zenye tao kubwa lililokamilika mwaka 1905. Tao hulioni likisema kwamba lilijengwa kwa msaada wa fedha zilizotoka katika mpira wa Kongo. Picha haitamki, maelezo chini yake ndiyo hutamka, na maelezo huandikwa na watu kama sisi.

Wengine, kwa hasira ya haki, wametushauri tuzichome kadi hizi. Hatukubaliani nao. Ukichoma kadi umemwondolea mwongo shahidi wake. Tuzihifadhi, tuzilete darasani, lakini tuzisome.

Na tusome hadi mwisho. Mwaka 1958 Brussels ilifanya tena maonyesho, safari hii katika viwanja vya Heysel. Postikadi za mwaka huo zinajulikana kote: ni zile za Atomium, mnara wa madungu ya chuma wenye urefu wa mita 102. Humo kulikuwa na kijiji cha Wakongo tena, na watazamaji wakawarushia ndizi. Mafundi wale walikataa. Waliondoka wakarejea kwao kabla maonyesho hayajafungwa, na miaka miwili baadaye, Juni 30, 1960, Kongo ikapata uhuru. Walikataa, waliondoka, walirejea: hapa w haina nafasi, na mwanafunzi anayejua kwa nini haina nafasi amejifunza sarufi na historia kwa pamoja.

Tervuren kwenyewe wameanza kusahihisha. Katika makumbusho yale kuna ukuta wenye majina ya Wabelgiji 1508 waliofia Kongo. Tangu yalipofunguliwa upya Desemba 2018, majina ya Wakongo waliofia Ubelgiji yameandikwa kwenye vioo vya madirisha na msanii Freddy Tsimba wa Kinshasa. Jua likiwaka, vivuli vya majina hayo huangukia ukuta ule. Ikiwa wenye jumba wamekubali kuandika upya, sisi wenye chaki tunangoja nini?

Kwa hiyo twamtaka mtungaji wa kitini aibakize postikadi na aifute sentensi. Badala ya kuuliza bustani inapendeza kwa nini, na aulize: Ni nani hayumo katika picha hii, na ni nani aliyemtoa? Kisha wanafunzi wenyewe waandike maelezo mapya chini ya picha, na mwalimu azihesabu w zao moja moja.