Nyuki au Nyigu? Mjue Kabla Hujawasha Kiberiti

Mwezi huu naacha kidogo habari za mahaba na bajeti, napanda darini. Ndiyo, darini! Hapa Tunduma nimeshasikia ndoa changa zikizozana kisa wadudu. Mke anasema nyuki wamehamia juu ya chumba, mume anasema "aah, manyigu tu hayo," kisha anaulizia petroli na kiberiti. Hakuna hata mmoja aliyesogea kuangalia.

Haya, tuangalie. Kina kaka, mnapomsifia dada kwamba ana kiuno cha nyigu, basi nyigu mnamjua tayari. Kiuno chake ni uzi kabisa, mwili laini unang'aa, miguu mirefu. Nyuki ni mnene zaidi, rangi ya kahawia, ana manyoya, na mara nyingi utaona vidonge vya njano kwenye miguu ya nyuma. Hiyo ni chavua, anapeleka nyumbani. Kwenye chupa ya soda wanakuja wote wawili, kwa hiyo chungulia kabla hujapiga funda. Kuumwa kooni si mchezo.

Nyumba zao pia hazifanani. Kuna nyigu anayejenga kiota kama cha karatasi, kinaning'inia kwenye upenu kwa kikonyo chembamba, vitundu vyote viko wazi. Mwingine anafinyanga udongo ukutani, anaishi peke yake, na ni nadra akuume usipomshika. Nyuki hujificha, darini au ndani ya mti wenye tundu. Wewe unaona upenyo tu na msururu wa kuingia na kutoka. Ukiona kijibomba cha nta kwenye ufa wa ukuta na vinyuki vidogo kama visubi, hao ni nyuki wadogo wasiouma. Asali yao bei yake unaijua mwenyewe!

Tofauti kubwa kuliko zote iko kwenye mwiba. Nyuki huuma mara moja, mwiba unabaki kwenye ngozi na kifuko cha sumu kinaendelea kusukuma, naye anakufa. Nyigu hauachi mwiba wake, anaweza kukurudia mara ya pili na ya tatu.

Hili si la darasani. Mume wangu aliumwa shingoni na mdudu mmoja tu, karibu na foleni ya malori ya mpakani. Dakika chache midomo imevimba, mwili mzima vipele, pumzi inakata. Tukakimbia hospitali, akachomwa sindano ya adrenalini. Alipotulia, daktari akaniuliza, "Dada, alikuwa nyuki au nyigu?" Nikamjibu nyuki, kwa sababu mwiba niliukwangua mwenyewe kwa kucha. Sumu zao si moja, na mwenye mzio, au aleji kama tulivyozoea, anatakiwa ajue anamkwepa nani. Leo kila tunayekaa naye karibu analijua jambo hilo.

Kwa hiyo ukiumwa, kwangua mwiba hapo hapo, kwa kucha au chochote kilicho karibu. Haraka ndiyo dawa, usipoteze muda kutafuta kifaa. Osha kwa sabuni, weka kitu cha baridi. Midomo au ulimi ukivimba, pumzi ikibana, kizunguzungu kikija, au ukiwa umeumwa mara nyingi, nenda hospitali bila kusubiri kesho.

Wakikuvamia kundi zima, usiwapige. Mwiba wa nyuki unatoa harufu kama ya ndizi mbivu, na harufu hiyo inawaita wenzake. Funika uso, acha macho yaone njia, kimbia moja kwa moja mpaka ndani ya nyumba au gari, funga. Usijitose majini, watakusubiri juu. Nyuki wetu ni walinzi hasa. Mwaka 1956 mtaalamu Warwick Kerr alipeleka Brazil malkia wa nyuki kutoka Afrika Kusini na Tanganyika. Mwaka 1957 makundi 26 yakaponyoka, na uzao wao ukasambaa hadi Marekani, ukitia watu adabu njiani.

Kundi lililotua tawini kama shungi ni wasafiri. Hawana watoto wala asali ya kulinda, mara nyingi huondoka wenyewe ndani ya siku chache. Fungia mbwa, zuia watoto wasirushe mawe. Waliokwisha kujenga darini waachie mwenye bomba la moshi na mavazi yake. Muulize afisa nyuki wa halmashauri, na ikiwa ni hatari ya sasa hivi piga 114, Zimamoto na Uokoaji. Usizibe upenyo wao, watatafuta njia ya kutokea chumbani kwenu. Petroli nayo itachoma paa la mwenye nyumba kabla ya nyuki.

Kiota cha nyigu kilicho mbali na mlango kiache. Nyigu anakamata viwavi, mchicha wako utamshukuru. Na nyuki je? Waulize wakulima wa kahawa wa Mbozi. Arabika hujichavusha yenyewe, lakini nyuki wakiitembelea hubeba zaidi. Fuata nyuki ule asali, wahenga walisema, ila hawakusema umfuate na kiberiti.

Basi usiku wa leo, kabla ya kuzima taa, mwulize mwenzako swali moja: "Ulishawahi kuumwa, na mwili ulifanyaje?" Tunajuana vyakula tunavyopenda, rangi na nyimbo. Hili nalo tujuane, siku ya siku hakutakuwa na muda wa kuulizana.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.