Kofre ya kwanza mji unahitaji ni ya bunduki

Tangu banki zilipofunga milango hapa Goma, mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, makuta imerudi nyumbani. Iko chini ya godoro, iko ndani ya mfuko wa unga, iko nyuma ya picha ya arusi ya wazazi. Mama wa vitenge, mwalimu, kijana wa moto, kila mtu amekuwa banki ya nafsi yake. Kuweka ndani ya simu kunasaidia, lakini siku unataka kutoa, ajenti anakuambia hana feza mkononi, ao anakata asilimia ambayo inauma. Ndiyo maana swali moja linazunguka sana kati ya vijana siku hizi: tununue kofre? Na kama ni kununua, ya namna gani?

Ndugu na dada, swali ni la kweli. Tulijibu mpaka mwisho, hata kama jibu halitafurahisha mwenye kuuza kofre wala mwenye kubeba bunduki.

Kabla ya kuuliza bei, jiulize kofre itakulinda na nini. Kama ni panya na unyevu, sanduku lolote la chuma lenye kufunga vizuri linatosha, na hiyo siyo jambo dogo: sisi wote tunajua dola yenye kupasuka kidogo tu kwenye pembe inakataliwa sokoni. Kama ni mtoto, mgeni, ao fundi aliyekuja kutengeneza mlango, kadena nzuri inatosha pia. Kama ni mwizi wa mchana, yule anaingia wakati mko kazini, hapo uzito na bulo ndio vinasema. Zile kofre ndogo za namba, zenye betri, zinapendeza macho, lakini mwizi hana haja ya kujua namba. Anaibeba yote chini ya koti, anaenda kuivunja kwake na nyundo, polepole. Kofre isiyofungwa na bulo ni mzigo umemtayarishia. Angalia kama ina matundu nyuma na chini, na ifunge kwenye simenti. Wengi wetu tunaishi mu nyumba za mbao juu ya mawe ya volkeno: ukuta wa mbao haushiki kitu, mtu anang'oa ubao na kofre pamoja. Mwage kwanza simenti kidogo kwenye pembe ya chumba, ndipo ufunge. Hata kama ni ya funguo, usisahau kwamba funguo yenye kulala juu ya kabati ndiyo ya kwanza mwizi anatafuta.

Moto sasa. Hapa watu wengi wanadanganyika. Tunaona chuma, tunasema chuma hakiungui. Kweli, chuma hakiungui, lakini kinapika. Kartiye za mbao zikishika moto, lile sanduku fundi amesudere kwa bati nene linageuka kuwa chungu, na karatasi ndani yake zinakauka, zinakuwa nyeusi, zinavunjika. Kofre za kweli za moto ziko na kuta mbili, na katikati kuko kitu kama plasta ao simenti yenye kushika maji, ambayo inatoa mvuke moto ukiwa mukali. Kipimo chake ni kwamba ndani isipite karibu digrii 177, kwa nusu saa ao saa moja, vile imeandikwa kwenye mlango. Kama haikuandikwa popote, ni sanduku tu, muuzaji aseme anachosema.

Na Goma tunajua moto unaotoka mlimani. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 Nyiragongo ilitapika, na siku tano nyuma tukaambiwa kartiye kumi zitoke mjini. Watu walifika Sake na Minova na watoto mgongoni, vyeti vikabaki Goma. Kofre gani ungebeba siku ile? Karte ya uchaguzi, ambayo kwetu ndiyo inashika nafasi ya kitambulisho, diploma, hati ya kiwanja: hivi viwe mu mfuko mmoja mwepesi usiopitisha maji, ambao hata mdogo wako anajua uko wapi. Piga picha za kila ukurasa, tumia ndugu mmoja aliye mji mwingine. Hii haigharimu kitu, na kwa maoni yetu inapita kofre nyingi tunazoona zinauzwa.

Baki mwizi wa bunduki. Huyu hana haja ya kuvunja kofre. Anabisha mlango saa saba usiku, anaweka mdomo wa bunduki kwenye sikio la baba yako, anasema maneno mawili: « Kofre, fungula. » Hapo ugumu wa chuma hauna maana tena. Kofre ina nguvu sawa na shingo ya mwenye funguo. Na mara nyingi ni kofre yenyewe ilimuita, juu kuko mtu aliyeiona ikishushwa kwenye shukudu mchana, akaenda kusema. Kama unanunua, nunua kimya. Usiweke yote pahali pamoja. Na akifika, mpe. Makuta inatafutwa tena.

Lakini bunduki ile yenyewe ililala wapi jana?

Hatusemi hapa juu ya fundi wa mitego ao mwindaji mwenye kibali. Sheria ya silaha ya inchi yetu, ile ya 1985, haimuachie raiya kushika silaha bila ruhusa, na vijana ambao wanasema « nami nitatafuta yangu nijilinde » tunawaambia wazi: hapana. Bunduki ndani ya chumba kimoja na watoto wanne itaua wa nyumba mbele ya kuua mwizi. Tunasema juu ya mwenye kazi ya bunduki. Askari anakodesha chumba mu parseli yetu, jioni anarudi na AK kwenye bega, anaiegemeza karibu na kitanda, risasi zikiwa ndani. Polisi anapita kwenye kinywaji akiwa nayo. Anayebaki bila mshahara anajua rafiki wa kumuazima usiku mmoja. Halafu ikaja ile siku ya 27 mwezi wa kwanza 2025, wengine wakavua uniforme wakaacha silaha mu mitaro na mu vyoo vya watu, na nani alizihesabu?

Kuko watu watasema hiki ni kitu cha vita, tungoje amani. Hatukubali. Tarehe 21 mwezi wa ine 2004 inchi yetu ilitia sahihi mapatano ya Nairobi juu ya silaha ndogo, ambayo yanadai silaha za serikali zitiwe alama, ziandikwe, ziwekwe pahali pa usalama. Mapatano mengine ya 2010 yanabeba jina la mji mkuu wetu, Kinshasa. Ghala ya silaha siyo kitu cha ajabu: ni kontena ao chumba cha simenti, rafu, mnyororo, risasi mbali na bunduki, kitabu chenye namba, na funguo mbili kwa watu wawili, mmoja asifungue bila mwenzake. Fundi wetu yeyote anaweza kujenga ile rafu. Familia yenye kipato kidogo inaambiwa ijinunulie chuma ili ijilinde na bunduki, na mwenye bunduki haambiwi kununua hata kadena.

Kwa hiyo mkutano wa kartiye ukiitwa, mwende wengi, si mmoja peke yake, na muulize yeyote ambaye anasema leo yeye ndiye mkubwa wa usalama hapa: kwenye posisyo hii kuko bunduki ngapi? Namba zake zimeandikwa mu kitabu gani? Usiku zinalala wapi? Funguo iko na nani, na yeye akilewa, ni nani anaichukua?