FEDHA ZA VIKUNDI NA KALAMU ZETU



Sheria ya mwaka 2018 yaziamuru halmashauri zote, za Mbeya na Iringa zikiwamo, kutoa asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kuwa mikopo isiyo riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Mwaka 2023 mikopo ilisimamishwa, hata 2024 ikarudishwa. Waliolipa vema waliumia pamoja na wasiolipa.

Yalilalamikiwa madeni yasiyolipwa na vikundi vya majina matupu. Majina hayo huandikwa na nani, ila sisi makarani? Basi twaona yafaa karani asitie sahihi kabla hajakiona kikundi kazini, na hesabu za marejesho zibandikwe hadharani. Mali bila daftari hupotea bila habari.