Mtaro Wetu, Faiba Yao

Hotuba hiyo twaijua kwa moyo. Mgeni anakuja Ukunda au Msambweni na fulana yenye nembo, anawasha projekta, anatuambia dunia imekuwa kijiji. Ukiwa na simu, eti una ofisi. Jifunze kuandika maneno ya sauti zilizorekodiwa, jifunze kuuza mitandaoni, na kazi ya kimataifa itakufuata mpaka mlangoni. Tunapewa soda, cheti na picha ya pamoja. Mwezi ukiisha, mwenye cheti yuko steji ya boda, ama amekaa chini ya mwavuli akisajili laini za simu.

Mimi naiita hotuba hiyo uongo wenye adabu. Sisemi kazi za mtandaoni hazipo. Mimi mwenyewe niliacha chuo na naishi kwa kuandika, na malipo huingia kwa simu. Uongo uko kwingine: wanatufundisha kutumia mtandao, halafu wanatuambia tumeingia sekta ya mawasiliano. Sivyo. Anayepanda matatu kila siku hajawa makanika.

Sekta yenyewe imepita chini ya miguu yetu. Mwaka 2009 nyaya mbili za baharini, SEACOM na TEAMS, zilifika Mombasa. EASSy ikafuata mwaka 2010. Kabla ya hapo intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti, ghali na ya kujikokota. TEAMS, ambayo serikali ya Kenya yenyewe ilishiriki kuijenga, inaanzia Fujairah, kule Imarati, na kupita chini ya Bahari Hindi hadi hapa Pwani. Hebu fikiria njia hiyo. Ni upande ule ule wanakokwenda dada zetu kufanya kazi za nyumbani, na kaka zetu kulinda milango ya watu. Hakuna aibu katika kazi hizo. Aibu ni kwamba Pwani na Ghuba zimeunganishwa kwa waya wa mwanga, na sisi bado twapelekwa kule na ufagio na kirungu tu.

Sasa njoo Galu. Kazi za kimataifa zimejaa hapa, mbona! Wenye nazo wamekodi nyumba kando ya ufuo. Asubuhi wako baharini na kaiti zao, mchana wako kwenye mikutano ya Berlin na London, wamevaa vipokea sauti, mbele yao madafu. Faiba inayowawezesha ilipitishwa mtaroni, na mtaro huo ulichimbwa na vijana wa Galu na Kinondo, kwa sururu, kwenye ardhi yenye mwamba wa matumbawe, wakilipwa kwa mita.

Nimewatazama kazini. Wakishafika mwisho, gari linakuja na mafundi kutoka mbali. Fundi anaketi kwenye kigoda, anamenya waya, anaupangusa uzi wa kioo kwa spiriti, anakata ncha yake, anauweka kwenye mashine ndogo. Cheche ya umeme inayeyusha ncha mbili, zinashikana, na skrini inaonyesha ni mwanga kiasi gani umepotea kwenye kiungo. Ni dakika chache tu. Wachimbaji wamesimama kando ya mtaro wao wenyewe, wakitazama kama watu waliofika kwenye harusi bila mwaliko.

Sina ugomvi na fundi. Amesomea kazi yake na anakula jasho lake. Lakini ujuzi ule wa kigodani ndio wenye pasipoti. Faiba inayoitwa G.652 imewekewa viwango na ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, kwa hiyo kioo cha Diani na kioo cha Dubai ni kimoja. Anayeweza kuunga hapa ataunga popote. Anayeweza kupiga kipimo na kusema waya umekatika mita mia tatu kutoka hapa, huyo hahitaji kusimulia ndoto zake kwenye barua ya kuomba kazi. Safaricom ilipopata leseni ya Ethiopia mwaka 2021, ikawasha mtandao wake huko mwaka 2022, Wakenya walivuka mpaka kwenda kufanya kazi. Walivuka kwa sababu kazi walikuwa wanaijua tayari. Mtaro hauvuki mpaka. Ukimaliza mita zako, umemaliza.

Wapenda motisha hutuletea mfano wa Mo Ibrahim, Msudani aliyeanzisha Celtel mwaka 1998 na kampuni ikauzwa mwaka 2005 kwa dola bilioni 3.4. Hapo ukumbi hupiga makofi. Wanachoruka ni kwamba mzee huyo alianza kama mhandisi wa simu kwao Sudan. Kwanza alijua mitambo, pesa zikaja baadaye.

Na si kwamba nchi hii haijui kufunza mafundi. Mwaka 1948 kilianzishwa chuo Mbagathi, Nairobi, kufunza watu wa posta na simu wa Afrika Mashariki nzima. Shirika la posta na simu lilikuwa moja kwa Kenya, Uganda na Tanzania mpaka Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977. Chuo kile leo ni Multimedia University. Uhandisi bado kinafundisha, lakini mlango wake ni wa chuo kikuu: gredi na karo. Aliyepata D pale Kinondo, mwenye mikono myepesi na macho makali, anaingilia wapi?

Najua mtaniambia mashine ni ghali. Mashine za kuungia za bei ya chini kutoka Uchina hazizidi bei ya pikipiki mpya ya boda, na pikipiki mnajua kuzigawa, hasa kura zikikaribia. Mtaniambia tena kwamba elimu ni mambo ya Nairobi. Si haya. Katiba ya 2010 iliziachia kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini. Hapo Kwale haina wa kumsingizia.

Basi waheshimiwa, nasema kwa heshima na bila kuzunguka. Wekeni mashine za kuungia na vipimo kwenye vyuo vyetu vya ufundi, na mwalimu aliyewahi kuunga faiba kweli, si aliyeisoma tu. Na kampuni ikija kuomba kibali cha kupasua barabara ya kaunti, iandikieni sharti: vijana wa mahali hapo wakae kwenye kigoda kama wanagenzi, kwa miezi, mpaka kiungo chao kipimwe na kikubaliwe. Majina yao yaandikwe, na asiyetimiza asipewe kibali cha mtaa unaofuata. Hakuna atakayefunga biashara kwa sharti hilo; wanaitaka Diani kuliko sisi tunavyowataka wao.

Semina za soda zinaweza kungoja. Mtaro tumeshachimba. Sasa tupisheni kigodani.