Kabla ya kutia sahihi na fundi
Cité Gécamines, hapa Kolwezi, wakaaji wanalalamika kuta zinapasuka kwa milipuko ya mgodi. Mtu anaita fundi, anatia sahihi karatasi moja, anatoa dola zote. Ni kosa. Sheria yetu ya mikataba, ya 1888, inasema mapatano halali ni sheria kwa walioyafanya. Kama siku ya kumaliza haikuandikwa, utamshitaki fundi kwa nini? Lipa kwa hatua.

Kwanza, uliza kama parsele yako iko ndani ya eneo la mgodi. Tangu 1973 udongo wote ni wa Serikali. Katika ripoti ya Amnesty International ya 2023, waliohamishwa pale walisema fidia haikutosha kununua nyumba kama zile. Basi tunza risiti ya kila mfuko wa simenti, na picha za nyumba.